Gari Dogo la Kulala, Pwani ya Kusini: Tuanze na Paa

Mtu anayetafuta gari la kusafiria na kulala humo humo, akiwa na mwenzake au peke yake, kwa kawaida huanza na kitanda. Anauliza upana wake, jiko liko wapi, friji inakaa upande gani. Kwa barabara inayotoka Likoni kupitia Waa, Kombani, Tiwi na Ukunda hadi Msambweni na Lunga Lunga, maswali hayo yanakuja mapema mno. Huku la kwanza ni hewa. Ni saa nane ya usiku mwezi wa Februari, upepo wa kaskazi umekatika, watu wawili wamefunga milango kwa kuogopa mbu na wezi. Je, ndani ya bati hilo patalalika? Gari likishindwa hapo, vifaa vyake vingine vyote havitakusaidia kitu.

Ninaamini jibu la swali hilo lilishapatikana Kenya zamani, nasi tunapishana nalo kila siku barabarani. Ni lile gari la watalii lenye paa la kuinuka, ambalo hoteli za Diani hulitumia kupeleka wageni Tsavo na Shimba Hills. Anayetaka gari dogo la kulala Pwani ya kusini alitazame kwanza hilo, ndipo afungue picha za magari ya Ulaya na Japani.

Lakini tuulize pia kama gari lenyewe linahitajika. Ukikaa Diani wiki nzima, halihitajiki. Diani ina vyumba vya kila bei, kuanzia hoteli za ufukweni hadi nyumba za kupanga za Ukunda, na tuktuk au bodaboda itakufikisha unakotaka kwa pesa kidogo. Gari la kulala linaanza kuwa na maana unapotoka hapo. Mashua za kwenda Wasini na hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti huondoka Shimoni asubuhi, na Shimoni iko kilomita kama 15 nje ya barabara kuu; aliyelala huko huko ameshapumzika wakati wengine bado wako njiani. Gazi, penye njia ya mbao iliyopita katikati ya mikoko na mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza 2013, mambo huenda kwa saa za maji kujaa na kupwa, wala maji hayangoji kifungua kinywa cha hoteli. Shimba Hills, iliyotangazwa hifadhi mwaka 1968, ndiyo makao ya palahala nchini Kenya, na asubuhi na mapema ndiyo saa yao. Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) lina maeneo ya kambi humo ndani. Msambweni nako ufuo ni mrefu na vyumba si vingi kama Diani. Kwa hiyo gari linalotakiwa ni la kuhama kila baada ya siku mbili tatu, lipite njia za vijijini, liweze kuegeshwa uani kwa mtu bila kumzibia mlango.

Kwa kipimo hicho magari mengi ya Ulaya yanaanguka mapema. Yale tunayoyaona kwenye picha, yenye bafu na meza ya kulia chakula, mengi yamejengwa juu ya Fiat Ducato. Upana wake ni mita 2.05, na yale yanayoitwa madogo, ya watu wawili, huwa na urefu wa mita 5.4 hadi karibu 6. Kuta zake zimesheheni nyenzo za kuzuia joto lisitoke nje, na madirisha ni machache. Kule Uswidi hiyo ni raha. Ukunda mwezi wa Machi unakaa ndani ya chupa. Tena injini yake huzungusha magurudumu ya mbele, huku kitanda, tangi la maji na mizigo vikilemea nyuma. Kwenye vichochoro vya mchanga vya Tiwi gari la namna hiyo hujichimbia shimo mbele bila kusogea. Na yale ya Ulaya bara yana usukani wa kushoto, ambao sheria ya Kenya haiuruhusu kwa gari la kawaida linalosajiliwa hapa. Wageni unaowaona nayo wamepita mpakani kwa hati za muda, wanakwenda zao Tanzania au Nairobi.

Japani wako karibu nasi zaidi. Usukani ni wa kulia, na wana desturi ndefu ya kutengeneza vigari vya kulala vya daraja la kei, ambalo sheria yao inalibana lisizidi urefu wa mita 3.4, upana wa mita 1.48 na injini ya cc 660. Vigari hivyo vinapendeza, na kwa mtu mmoja mwenye mizigo michache vinatosha. Kikwazo kiko bandarini. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Mwaka 2025, kwa mfano, mwisho ulikuwa la 2018. Kanuni hiyo imeyafungia mlango magari mazuri ya zamani kama Mazda Bongo Friendee, lenye hema la kuinuka juu ya paa, lililotengenezwa kati ya 1995 na 2005. Linaloruhusiwa ni jipya kiasi, kwa hiyo ni ghali. Juu yake kuna ushuru wa forodha wa asilimia 35, ushuru wa bidhaa unaotegemea ukubwa wa injini, kisha VAT ya asilimia 16 inayotozwa juu ya hayo yote. Na mamlaka ya ushuru, KRA, haihesabu kwa bei uliyomlipa Mjapani. Hutumia bei ya gari jipya iliyo kwenye orodha yake, ikaipunguza kwa umri wa gari. Wengi hupigia hesabu ile bei ya mtandaoni, wakifika Kilindini wanakuta gari limezidi uwezo wao.

Tukirudi kwenye hewa, hapa pana hesabu inayostahili kufanywa polepole, kwa sababu wauzaji huipita haraka. Mwili wa mtu aliyelala hutoa joto la wati 70 hivi au zaidi, pamoja na mvuke wa pumzi na jasho. Watu wawili ndani ya gari lililofungwa ni kama kuacha taa kubwa ya zamani ikiwaka usiku kucha, na hewa ya Pwani tayari imejaa unyevu, haina pa kuupokea mwingine. Cha kwanza kufikiriwa huwa kiyoyozi. Kiyoyozi kidogo cha betri hula wati 500 hivi kinapofanya kazi. Kwa saa 8 hizo ni wati-saa 4,000, kabla ya kupunguza muda kinapopumzika. Betri ya volti 12 yenye amp-saa 100 hubeba wati-saa 1,200. Utahitaji betri tatu nne, na paneli za sola ambazo paa la gari dogo halina nafasi ya kuzibeba.

Feni ya wati 20 ikizunguka saa 10 hula wati-saa 200. Friji ndogo ya kompresa, kwa joto letu, itakula kama 500 kwa siku, na taa na simu 100. Jumla ni 800. Paneli ya wati 200 ikipata jua zuri saa 5 inakupa 1,000, na ukitoa kinachopotea njiani inabaki 750 au 800. Mnatosheka kwa shida, lakini mnatosheka. Tena kuna mgongano ambao Pwani pekee ndipo utauona vizuri: gari likae juani ili paneli ipate umeme, au kivulini ili nyinyi mpate usingizi? Gari lililochomwa na jua tangu saa nne hadi saa kumi na moja huendelea kurudisha joto ndani hadi usiku wa manane. Mimi naliweka gari kivulini, na paneli iwe ya kukunja, yenye waya wa mita 10, itandazwe juani na kuanuliwa jioni. Kivuli chenyewe kichaguliwe pia. Mwarobaini, mkwaju na mwembe ni mizuri. Mnazi hapana: nazi moja ikianguka inatosha kuvunja paneli na kubonyeza paa, na mnazi hautoi ishara.

Ndiyo maana nasema tuanze na paa. Katika gari la watalii paa limekatwa, kikafungwa kifuniko kinachosimama juu ya miguu minne ya chuma ya kukunja, na kwenye kingo pamezungushwa raba. Ukifungua lachi na kusukuma kwa mikono miwili kinapanda, na mtalii anasimama akiona ndovu bila kutoka nje. Kwa anayelala, kazi ya kifuniko hicho ni nyingine kabisa. Hewa ya moto hupanda, na hapo inapata pa kutokea. Ukifungua na dirisha la chini upande wa upepo, hewa ya baharini inaingia miguuni na kutoka juu usiku kucha, feni ikisaidia kidogo tu. Kaskazi na kusi zote huku hutoka upande wa bahari. Magari yetu mengi yana mlango wa kuteleza upande wa kushoto, kwa hiyo ukiegesha ukielekea Lunga Lunga mlango unatazama bahari. Kusi ikileta mvua ya mwezi wa Mei, geuza gari lielekee Likoni.

Kazi ya kukata paa hilo ina mafundi wake Mombasa na Nairobi, na wameifanya kwa miongo mingi. Watajua pa kuongeza chuma ili bodi isilegee, na raba ikichakaa wanayo ya kubadilisha. Linganisha na gari lililotoka Japani na hema lake la kipekee: kitambaa kikishaoza kwa ukungu, na kwa unyevu wetu kitaoza, utaagiza kingine kwa meli. Unachoongeza kwenye gari la watalii ni nyavu pande nne za ule uwazi, na pazia la turubai la kuteremsha mvua ikija. Nyavu ziwe mbili, ya kitambaa ndani kwa ajili ya mbu na ya waya nje. Ya waya ni kwa ajili ya tumbili na kima wa Diani. Mbega, ambaye watu wa Diani wamemfungia ngazi za kamba juu ya barabara asigongwe, yeye hula majani na hana haja na mkate wako. Tumbili ataingiza mkono, avute chandarua hadi kipasuke, aingie na kutoka na ndizi kabla hujafika na ufagio, na siku ya pili atarudi na wenzake.

Gari hili lina kasoro zake, na mnunuzi azijue. Lililostaafishwa na kampuni ya utalii limestaafishwa kwa sababu limechoka. Barabara za Tsavo zenye matuta madogo madogo hutikisa bodi mpaka inapasuka kwenye pembe za ule uwazi wa paa. Kabla ya kulipa, panda na tochi, tazama kila pembe kama pana ufa uliozibwa kwa pati na kupakwa rangi. Omba ndoo tatu za maji zimwagwe juu ya paa lililofungwa nawe ukiwa umekaa ndani; likivuja utalisikia. Inua zulia la sakafu, kisha lala chini utazame chesisi karibu na springi za nyuma, maana huko ndiko chumvi ya bahari hula kwanza. Gari lililofanya kazi Nairobi na Maasai Mara huwa na kutu kidogo kuliko lililozeeka Diani, hivyo inafaa kulifuata bara. Matatu iliyostaafu mimi siishauri kabisa, hata bei ikivutia. Imekimbizwa mno.

Kwa ukubwa, Toyota Hiace ya bodi ya kawaida, yenye urefu wa mita 4.695 na upana wa mita 1.695, ndiyo ninayoiona sawa kwa watu wawili. Ile ndefu ya mita 5.38 ina raha ya karibu kusimama ndani hata paa likiwa limefungwa, lakini ni pana zaidi kwa sentimita 18.5 na hizo utazijutia kwenye njia za kati ya kuta za matumbawe. Ndani ya Hiace ya kawaida upana ni mita moja na nusu hivi, kwa hiyo mtu mzima halali kwa mapana. Kitanda kiende kwa urefu. Sehemu ya nyuma ina kama mita 3. Kitanda kikichukua 1.9, inabaki mita moja ya kukaa na kubadilishia nguo. Mafundi wengi wa bodi hupenda kukiinua kitanda ili makabati yaingie chini yake, na picha zake huwa nzuri. Pwani ni kosa. Kinawapandisha hadi pale hewa ya moto inapokusanyika na kuwasogezea bati la paa usoni. Kitanda kiwe chini, cha mbao zenye nafasi katikati ili godoro lipumue, na mizigo ikae kwenye masanduku ya kutoa. Jambo jingine ambalo wengi hulijua baada ya kununua: injini ya Hiace iko chini ya viti vya mbele. Ukitoka Mombasa na kufika Msambweni jioni, viti hivyo vitaendelea kutoa joto saa kadhaa. Vichwa vielekee mlango wa nyuma.

Anayesafiri peke yake hahitaji yote hayo. Nissan NV200 ina nafasi ya mizigo yenye urefu wa mita 2 hivi, anajinyoosha bila kukunja magoti. Toyota Probox, ambayo hakuna fundi wa Kenya asiyeijua, ina mita 1.8 viti vikikunjwa, na mtu wa kimo cha wastani atalala kwa mshazari. Hazina paa la kuinuka, lakini mtu mmoja hutoa nusu ya joto, na madirisha mawili yenye nyavu pamoja na feni humtosha miezi mingi. Kwa Desemba hadi Machi apande Kwale mjini au Shimba Hills, zaidi ya mita 300 juu ya bahari, ambako usiku blanketi jepesi lina kazi. Kwa msafiri wa peke yake, na hasa mwanamke, kipimo kinachopita vyote ni hiki: aweze kutoka kitandani hadi kwenye usukani bila kufungua mlango. Akisikia hatua za watu nje usiku, awashe gari aondoke. Hema la juu ya Land Cruiser, zuri kama lilivyo kwa upepo na kwa wawili walio kambini, halimpi nafasi hiyo. Ateremke ngazi gizani kwanza, kisha alikunje hema.

Maji na choo nitavisema kwa ufupi. Tangi la kujengewa ni mzigo usiosafishika vizuri. Madumu mawili ya lita 20 yanajazwa kwenye bomba au kioski chochote, na visima vingi vya Diani vina maji ya chumvichumvi, kwa hiyo ya kunywa yanunuliwe kando. Jiko ni la mtungi wa kilo 6, lipikiwe nje, na mtungi ufungwe imara gari likitembea. Choo cha dawa tusijidanganye nacho: huku hakuna vituo vya kukimwagia, na dawa zile hazifai kumwagwa kwenye choo cha shimo cha mwenyeji wako, sembuse baharini. Ndoo yenye kifuniko kwa dharura ya usiku inatosha, mengine yafanyike kambini.

Kambi zenyewe zinaamua ukubwa wa gari kuliko tunavyofikiri. Tiwi imepokea wasafiri wa magari na mahema kwa miongo mingi, na ndiyo mahali rahisi pa kuanzia. Zaidi ya hapo, kuelekea Gazi, Msambweni na Ramisi, mara nyingi utalala uani kwa mtu, kwa makubaliano na malipo. Mfike mchana, mpige hodi, mmwamkie mzee wa mji kwa shikamoo na kumweleza mnatoka wapi na mtakaa siku ngapi. Mkishajulikana kwake mmejulikana kijiji kizima, na ulinzi wa namna hiyo hakuna kufuli linaloushinda. Gari dogo la kawaida hupokelewa kirahisi, jumba la magurudumu huleta umati. Misitu ya kaya, ile mitakatifu ya Wamijikenda, si mahali pa kuegesha wala kupiga kambi, Kaya Kinondo ikiwa miongoni mwa zile zilizoingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2008. Ingia na kiongozi wake, kisha utoke. Na ufukweni penyewe gari lisishuke hata kama mchanga unaonekana mgumu. Wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika karibu mita 4, na palipokuwa uwanja saa tano asubuhi ni bahari jioni.

Kuhusu kivuko, Dongo Kundu imebadilisha hesabu. Zamani kila gari la kutoka bara lilipanga foleni Likoni. Sasa barabara ya Dongo Kundu, yenye daraja la Mteza la mita 1,440, inatoka upande wa Miritini na kuingia barabara ya Lunga Lunga hapo Kibundani. Aliyesitasita kuchukua gari refu kwa sababu ya feri hana sababu hiyo tena, ingawa vichochoro vya Tiwi havijapanuka.

Karatasi zina utaratibu wake. Gari la watalii limesajiliwa kwa biashara ya kubeba abiria. Ukilifanya la kwako, mabadiliko ya matumizi, viti na bodi yaandikwe kwenye mamlaka ya usafiri, NTSA, na bima iandikwe kwa gari jinsi lilivyo sasa, kitanda na betri vikiwemo. Kampuni ya bima haitalipia mabadiliko ambayo haikuambiwa, na waya wa betri uliofungwa vibaya ni miongoni mwa mambo yanayochoma magari.

Kabla ya yote hayo, kodi gari kwanza. Yapo ya kukodi Nairobi na Mombasa. Likodi mwezi wa Machi kabla ya mvua, ulale humo Tiwi usiku usio na upepo, usiwashe injini. Usiku huo utakuonyesha kama unataka paa la kuinuka, feni mbili, au chumba cha kupanga Ukunda. Ukiamua kununua, mwambie fundi afunge kitanda, jiko na masanduku kwa boliti bila kuchomelea chochote kwenye bodi. Siku ukiliacha, unavifungua kwa spana, na Hiace tupu yenye injini nzima huuzika Kombani, Ukunda au Kongowea kwa yeyote mwenye mzigo wa kubeba.